Ni haramu, ndiyo. Lakini jela ni ya nini?



Wacha nianze na kitu ambacho wengi wenu mmekisoma kwenye magrupu ya WhatsApp, na wengine mkakisambaza bila kukifungua. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hicho ndicho kile kifungu kilichosema mtu akijaribu kujitoa uhai ametenda kosa la jinai.

Siku ile simu yangu haikunyamaza. "Mahakama imehalalisha kujiua." "Ajenda ya wazungu hiyo." "Kesho wataruhusu nini?" Ndugu mmoja ninayemheshimu, mtu tunayesimama naye safu moja Ijumaa, akaandika: "Wafungwe tu. Wamemuasi Mungu."

Sikujibu. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira afadhali anyamaze. Nimekaa nayo muda huu wote. Leo najibu.

Jibu langu lenyewe ni fupi. Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala na sitafuti mjadala. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa pingu. Jaji ameondoa seli. Dhambi hajaigusa, manake haikuwa yake kuigusa. Na wewe unayetaka seli irudi, hebu jiulize: unaitetea dini ama unatetea kitu ambacho mkoloni alituachia?

Wengi wanaoitetea hiyo seli hawajawahi kuiona. Nitawaambia inakaaje.

Ilikuwa 2021. Kijana wa ploti yetu hapa Thika, tumekua pamoja, tumesoma madrasa moja. Amenipa ruhusa niseme, mradi nisimtaje yeye wala mahali popote alipopitishwa. Alikuwa kibarua kiwandani. Corona ilipokuja wakaanza kupunguza watu, na asiye na mkataba ndiye anatoka wa kwanza. Kodi ikafika miezi mitano. Akaingia kwa mikopo ya simu, anachukua huu kulipa ule. Mke akarudi kwao na mtoto. Pole pole akaacha kuja hata Ijumaa, na sisi marafiki zake tukasema, "Huyu ameanza kupotea." Hakuna aliyeenda kugonga mlango. Mimi pia sikuenda, na nilikuwa napita pale asubuhi na jioni.

Usiku mmoja alijaribu kujitoa uhai. Alhamdulillah, jirani alimuwahi. Mamake akampakia kwa bodaboda, huyo mpaka hospitali.

Wakamwokoa. Halafu mtu akapiga simu, polisi wakaja, wakamfunga pingu kwenye kitanda. Mama alidhani wamekosea mtu. Akawaambia, "Huyu ni mtoto wangu, hajaiba." Wakamwambia mtoto wake ni mshukiwa.

Siku ya kutoka hospitali hakurudi nyumbani. Alipelekwa seli. Siku tatu alilala kwa sakafu na watu walioshikwa kwa wizi na chang'aa, wakimuuliza yeye ameshikwa kwa nini, naye anashindwa aseme nini. Dawa aliyoandikiwa ilibaki kwa mfuko wa mamake, nje ya kituo. Siku ya nne akasimama kizimbani. Karani akamsomea shtaka, akamuuliza kama kila mtu anavyoulizwa: "Ni kweli au si kweli?" Akasema ni kweli. Alidhani anaulizwa kama jambo lenyewe lilitokea. Hakujua kwamba hapo amekubali kosa.

Faini shilingi elfu kumi, ama miezi mitatu. Mama akauza cherehani.

Kwa hivyo fikiria hesabu hiyo. Mtu amesukumwa mpaka ukingoni na deni, serikali ikamuokota, ikamwongezea deni. Na haikuishia hapo. Baadaye alipata nafasi ya kazi ya ulinzi, wakamwitisha cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Cheti kikatoka na kosa lake limeandikwa. Kazi ikaenda. Katika safari hiyo yote, kutoka kitandani mpaka kizimbani, hakuna mwenye cheo aliyemuuliza swali moja tu: "Ulikuwa unaumwa wapi?"

Hiyo ndiyo seli mnayoililia.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hiyo sheria, kwa sababu watu wanaitetea kama iliteremshwa. Haikutoka kwa Qur'ani wala Hadithi. Kanuni ya Adhabu tunayotumia Kenya ilianza kazi 1930, wakati wa Mwingereza, na kifungu hicho kilitoka kwa fikra za sheria za kwao. Kwao, zamani, aliyejiua alihesabiwa amemwibia mfalme mtu wake, na mali yake ikachukuliwa, wajane na watoto wakabaki mikono mitupu. Hiyo ndiyo asili yake.

Na Mwingereza mwenyewe aliitupa. Bunge la Uingereza lilifuta kosa hilo 1961. Hesabu vizuri: sisi tulipata Uhuru 1963. Yaani mwenye sheria alikuwa ameshaiacha kabla hajashusha bendera yake hapa, na sisi tukaendelea kuikumbatia miaka zaidi ya sitini.

Usiniambie ni Ukristo na uzungu. Pakistan, nchi ya Waislamu, ilirithi sheria kama hiyo kwa Mwingereza huyo huyo, kutoka kanuni ya mwaka 1860. Iliifuta Desemba 2022. Malaysia nayo ilifuta ya kwake 2023. Kuna maulamaa huko, kuna vyuo, kuna misikiti kuliko tulivyo navyo sisi. Hawakusema kujiua ni halali. Walikataa tu kumfunga mtu anayehitaji daktari.

Na ile kesi yetu ya Nairobi haikuletwa na adui wa dini. Ilifunguliwa 2022. Walioipeleka ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili nchini, na raia mmoja. Jaji alitazama Katiba, Kifungu cha 27 kuhusu usawa, cha 28 kuhusu utu wa mtu, na cha 43 kuhusu haki ya afya. Akasema kumfanya mtu mhalifu kwa sababu ya ugonjwa ni kumbagua, ni kumvunjia heshima, na ni kumfukuza mbali na matibabu. Sasa hapo ndani niambie ni neno gani linalopingana na dini yako.

Na kama bado unaogopa eti sasa mlango umefunguliwa, soma kifungu kilicho kabla ya hicho. Kifungu cha 225 kiko palepale. Ukimshawishi mtu ajiue au ukimsaidia, hilo ni kosa kubwa, na unaweza kufungwa maisha. Hakuna aliyehalalisha chochote.

Wacha sasa nichukue maneno yenu moja moja, manake nimeyahifadhi.

Mnasema: "Ni dhambi kubwa, kwa hivyo iwe kosa." Sawa. Riba ni dhambi kubwa pia. Tukaanzie hapo? Nani atabaki Thika na simu yake haina deni lenye riba? Kusengenya ni dhambi kubwa. Kuacha swala ni dhambi kubwa. Kula mali ya yatima, na nyote mnajua familia ambazo mashamba ya mayatima yamepotea mikononi mwa baba zao wadogo, na hao baba wadogo tunawapisha mbele msikitini. Hakuna hata siku moja nimesikia grupu likiwaka moto kwa sababu yao. Kwa nini huyu mmoja tu, aliyeanguka na hana nguvu, ndiye tunamtakia jela? Nitawaambia kwa nini. Ni kwa sababu yeye hawezi kutujibu.

Mnasema: "Sheria inawatisha, inawazuia." Ndugu yangu, mtu aliyefika mahali pa kutoogopa kifo, utamtisha na kituo cha polisi? Sheria ile haikumzuia anayetaka kufa. Iliwazuia wanaotaka kupona. Mama anafikiria mara mbili kumpeleka mwanawe hospitali. Kijana anaogopa kumwambia muuguzi ukweli. Familia inasema "ameanguka", "amekula kitu kibaya", daktari anatibu tumbo na moyo unaachwa vilevile. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 700,000 hufa hivi kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 hii ni mojawapo ya sababu kuu za kifo duniani. Hao ni umri wenu, nyinyi mnaosoma hapa. Kufichana hakujatuokoa.

Mnasema: "Ni imani dhaifu." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Bibi Maryam, amani iwe juu yake. Imani yake nani ataitilia shaka? Kuna sura nzima yenye jina lake. Uchungu wa kuzaa ulipompata, peke yake, chini ya mtende, akijua watu watamsema nini akirudi, Qur'ani inatueleza kwamba alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa. Maneno hayo yako kwenye Kitabu, tunayasoma, tunayapatia thawabu.

Alijibiwa nini? Hakuambiwa imani yake ni dhaifu. Hakuambiwa aone aibu. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji karibu na miguu yake, akaambiwa atikise mtende tende zimwangukie. Ale, anywe, atulie. Na akaambiwa kwa leo asiongee na watu. Maji, chakula, utulivu, na kuepushwa na midomo ya watu. Rudi sasa kwa yule kijana wa ploti yetu. Alipata lipi katika hayo manne?

Nabii Yaqub, amani iwe juu yake, alilia mpaka macho yakapofuka. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na mpaka leo historia inauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Hakuna aliyeuita mwaka wa imani dhaifu.

Na ile aya ya Suratun-Nisaa, ya 29, inayotukataza kujiua, nenda uisome mwenyewe mpaka mwisho. Inamalizia kwa kututajia kwamba Allah ni mwenye kuturehemu. Katazo na rehema ziko kwenye aya moja. Sisi tumechukua nusu ya kwanza, tukaiacha ya pili.

Kuna tukio lingine, liko kwenye Sahih Muslim. Swahaba Tufayl bin Amr alihamia Madina na mtu wa kabila lake. Yule mtu akaugua, maumivu yakamshinda, akajidhuru, akafa. Baadaye Tufayl akamwona ndotoni, yuko katika hali njema, ila mikono yake ameifunika. Akamwambia amesamehewa kwa sababu ya Hijra yake, lakini kile alichokiharibu mwenyewe hakikutengenezwa. Tufayl alipomhadithia Mtume, Mtume alimwombea, akamwomba Allah aisamehe na mikono yake pia.

Sikuhadithii haya ili mtu aone jambo ni jepesi. Si jepesi, na hadithi zenye onyo kali mnazijua, zinasomwa kila mara. Ninachouliza ni hiki: Mtume alipoletewa habari ya mtu wa namna hiyo, aliinua mikono akaomba. Sisi tukiletewa, tunainua simu tukaandika "wafungwe". Tumejifunza kwa nani?

Mimi si sheikh, nina diploma tu na miaka kadhaa ya kuzunguka mitaani na shida za watu. Kwa hivyo hili la mwisho la dini usilichukue kwangu, kamuulize sheikh wako. Muulize madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, yanasema nini kuhusu Muislamu aliyejiua. Atakwambia anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa na anazikwa na Waislamu wenzake. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe hakumswalia mtu mmoja wa namna hiyo, na wanazuoni wakaeleza kuwa ni onyo kwa walio hai, lakini waumini wengine wanamswalia. Sasa wewe unayesimama kwenye makaburi ukizuia jeneza, unasema "huyu asiingie hapa", cheo hicho umepewa na nani? Unamwadhibu nani, maiti ama mamake aliyesimama pale nyuma?

Sisi si watu wa kufundishwa na wazungu namna ya kumtibu mgonjwa wa akili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Huko ndani ameeleza huzuni, hofu, hasira na mawazo yanayomganda mtu, na jinsi ya kutibu kila moja. Damascus kulikuwa na hospitali ya Nur al-Din tangu 1154. Cairo, hospitali ya Sultan Qalawun ilifunguliwa 1284, na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao ya kutibiwa. Huo ndio urithi wetu. Ile ya kumfunga pingu kitandani tuliipata kwa Mwingereza.

Na akatuachia pia Mathari. Kila mtu wa Thika na Ruiru anaijua, manake huwezi kupanda gari la Thika Road kuingia mjini bila kuipita, hapo Muthaiga. Na kila mmoja wetu ameshasikia ule mzaha: "Makanga, shukisha huyu hapa!" Gari zima linacheka. Mimi nimecheka pia, mara nyingi. Mahali pale palifunguliwa 1910, na jina la mwanzo lilikuwa la nyumba ya kuwaweka wendawazimu. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado ndipo mahali ambapo karibu nchi nzima inatazama mtu wake akichanganyikiwa. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka kwa mkupuo. Watu walifurahia vichekesho wiki nzima. Wachache sana waliuliza wale watu walikuwa wanakimbia nini.

Hata mahakamani ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi mtu aliyeonekana ametenda kosa akiwa hana akili timamu hakupewa kifungo chenye mwisho. Sheria ilisema awekwe mpaka Rais aamue. Muuaji mwenye akili timamu anaweza kuhesabu miaka yake, mgonjwa hana cha kuhesabu. Majaji wetu wamesema zaidi ya mara moja kwamba hilo nalo linakiuka Katiba. Ukitazama vizuri utaona ni fikra ileile: mgonjwa wa akili ni wa kufungiwa, halafu tutaona baadaye.

Kwa hivyo nashukuru kwa hukumu ya Januari. Lakini sitawadanganya kwamba kazi imeisha. Seli ya serikali ilikuwa moja. Nyingine tunaishika sisi, na funguo ziko mifukoni mwetu. Ni ile ya kumwita mtu chizi mpaka amalize mtaa. Ile ya kumpeleka kwa mtu wa majini miezi sita, pesa zinaisha, na hospitali hatujafika. Soma ruqya, ndugu yangu, sijakataa, ni dawa, na Mtume ametufundisha. Lakini Mtume huyo huyo alituamrisha tutafute tiba. Ukivunjika mguu unasoma dua na unaenda kupigwa plasta, siku moja, bila kuona kuna mgongano. Kwani kichwa si kiungo?

Na kijana wa kiume tumemfungia kabisa. "Wewe ni mwanamume, vumilia." Dada zetu nao, akijifungua halafu siku arubaini zimeisha analia tu, hataki hata kumshika mtoto, tunasema ana kiburi, ama amerogwa na mke mwenza. Ni ugonjwa, unajulikana, unatibika. Lakini nani atasema, na mdomo wa kwanza kumhukumu uko ndani ya nyumba?

Sasa tufanye nini? Sitaki hii iwe posti ya kulia tu.

Kwanza, mtu wako akijaribu kujidhuru, usiogope kumpeleka hospitali. Mpeleke haraka, sema ukweli wote. Kwa watu wa Thika, Level 5 iko hapo, ingia sehemu ya dharura. Mtu yeyote akikutajia 226, mjibu kwa adabu: Mahakama Kuu, 9 Januari 2025, Jaji Mugambi. Ihifadhi kwenye simu. Akisisitiza, tutafute sisi, tutakuja na wakili.

Pili, ukiona rafiki amejitenga, amekosa usingizi, anagawa vitu vyake, anasema "nyinyi mtakuwa sawa bila mimi", muulize wazi kama anafikiria kujitoa uhai. Watu wanaogopa eti ukiuliza unamtia wazo. Si kweli. Ukiuliza unampunguzia mzigo. Usimhutubie. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari nyumbani, mtafute mtu mzima mnayemwamini, halafu muende pamoja kupata msaada. Na baada ya wiki mrudie. Wiki ya pili pia.

Tatu, kamati za misikiti. Tunachanga kwa rangi, tunachanga kwa mazulia, tunachanga kwa spika mpya. Alhamdulillah. Tunaomba mfuko mdogo, hata wa Ijumaa moja kwa mwezi, kwa ajili ya dawa na nauli ya wagonjwa wetu. Na khutba moja kwa mwaka isemwe hili jambo kwa jina lake.

Nne, kaunti. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa Juni 2022, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Mwaka 2020 jopo la serikali, likiongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza hali hii itangazwe kuwa dharura ya taifa. Karatasi zipo. Kwa hivyo Kiambu ikiita mikutano ya wananchi kuhusu bajeti, nendeni. Vijana wa Makongeni, wa Kiandutu, wa Majengo, wa Ruiru, nendeni mkaulize: mwaka huu ni pesa ngapi zimetengewa afya ya akili, na dawa ziko kwenye hospitali gani? Msitoke kabla hamjajibiwa. Hii ni haki yenu kama vile barabara.

Na kuna wewe. Wewe unayesoma haya usiku, peke yako, ukijua naandika juu yako. Sikuhukumu. Wewe si mhalifu, sheria imeshasema hivyo, na kuchoka kwako hakukuondoi kwenye rehema ya Mola wako. Lakini usibaki peke yako usiku huu. Gonga mlango wa mtu. Ama piga 1199, ni nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, utaongea na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Ama tuandikie hapa kwenye ukurasa, kwa faragha. Tutajibu. Uchungu huu una tiba, na kuna watu waliokuwa hapo ulipo leo ambao wako hai na wanacheka.

Yule kijana wa ploti yetu ni mmoja wao. Alipata daktari, si kwa msaada wangu, kwa msaada wa mama aliyeuza cherehani. Anaendesha bodaboda saa hii. Ile rekodi bado inamfuata, na tumeanza kutafuta njia ya kuishughulikia, inshaAllah. Mtoto wake ameanza madrasa. Nilipomuuliza nikimwandika niseme nini, alifikiria kidogo akasema, "Waambie siku ile nilikuwa nataka mtu agonge mlango tu."

Ndugu yangu wa safu ya mbele, hili ndilo jibu langu kwako. Ijumaa tukutane, tusalimiane, tuendelee kubishana ukitaka. Lakini tukitoka msikitini, kabla hujaandika "wafungwe" kwenye grupu, hebu hesabu ni nani hajaonekana wiki mbili tatu. Halafu twende pamoja tukagonge.

Wabillahi tawfiq. Msomee mzazi wako hii posti, usiisambaze tu.